Sindano Kabla ya Chakula

Bi Masuda alikaa ughaibuni, mtaa wa Deira, na mwanawe, Nassir. Kila jioni alipika. Akishapika aliandaa sahani, akazifunika, akamngoja Nassir atoke kazini, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Tangu Nassir alipoanza kazi, mama yake hakuwahi kula kabla yake.

Bi Masuda alikuwa na kisukari. Daktari alimwambia achome sindano ya insulini kabla ya chakula. Basi ikifika magharibi alichoma sindano yake. Kisha alisubiri.

Siku moja Nassir alichelewa. Alipofungua mlango alimkuta mama yake ameegemea ukuta. Alikuwa anatetemeka na jasho linamtiririka.

"Mama! Umekula?"

"Nile na nani?"

Nassir alimnywesha maji ya sukari. Taratibu akapata nafuu. Haikuwa mara ya kwanza.

"Kesho twende hospitali," alisema Nassir. "Siku nyingine nitakukuta umezimia."

Hospitali walipokewa na muuguzi Mtanzania, jina lake Paskazia.

"Mama, tunafanya utafiti," alisema Paskazia. "Wafadhili wametupa fedha tuchunguze kwa nini sukari ya wagonjwa wetu hushuka ghafla. Naomba nikuulize maswali."

Bi Masuda alimshika Nassir mkono. "Twende zetu. Watatujaribia dawa kama panya!"

Paskazia alicheka. "Sina dawa hapa, mama. Nina kalamu tu. Ukikataa, utatibiwa vilevile. Ukikubali, jina lako halitatajwa."

"Haya, uliza."

"Huduma zetu unazionaje?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Daktari anakueleza ukaelewa?"

"Sana. Mungu amzidishie."

"Na sindano haikusumbui?"

"Hata kidogo."

Nassir alishindwa kuvumilia. "Mama! Jana si nusura ufe?"

"Nyamaza wewe! Mtu anakutibu, kisha umseme?"

Paskazia aliweka kalamu chini.

"Mama, kila mtu akinijibu 'nzuri', nitaandika nini? Wafadhili hawakutoa fedha ili tusifiwe. Walitoa tujue tunapokosea, turekebishe. Kusema ukweli si kumtukana daktari. Ukinificha, na mwenzako ataumia kama wewe."

Bi Masuda aliinamisha kichwa. Kisha akaeleza yote: sindano, kungoja, jasho na kutetemeka.

"Ukishachoma, unakula saa ngapi?" aliuliza Paskazia.

"Akija huyu. Saa tatu, hata saa nne."

"Basi ndiyo sababu. Sindano inashusha sukari. Ukichoma usipokula, sukari inashuka mno. Usichome mpaka chakula kiwe tayari mbele yako, kisha ule kwa wakati aliokuambia daktari. Ukianza kutetemeka, kunywa juisi au maji ya sukari hapo hapo, halafu ule."

"Kumbe! Mbona sikuambiwa hivyo?"

"Tulikwambia 'kabla ya chakula', tukadhani inatosha. Hilo ni kosa letu, na ndilo ninaloandika. Wapo wengine, simtaji mtu. Kuna wanaofanya kazi za ndani. Wanachoma, kisha wanangoja mpaka madam na watoto wamalize kula."

"Maskini! Waandike na hao."

Jioni ile Nassir alirudi akakuta sahani moja tu imefunikwa.

"Mama, leo hukunisubiri?"

"Kwani wewe unachoma sindano? Nawa mikono, ule."

Utafiti ulipokwisha, hospitali ilibadilisha maelezo yake. Sasa kila anayepewa insulini huulizwa, kwa lugha anayoielewa, anakula saa ngapi na humngoja nani. Wanaozimia wamepungua.

Bi Masuda hakutetemeka tena. Paskazia alipomuuliza mara nyingine huduma anazionaje, alijiweka sawa kwenye kiti.

"Maelezo sasa nayafahamu, mwanangu. Lakini viti vyenu hivi vinavunja mgongo. Andika!"

Paskazia aliandika.