Pale Ivyne Alipoishia

Haya yalimpata Were, rafiki yangu tangu chuoni. Mkewe, Ivyne, alikuwa mpaka rangi wa kuta za filamu. Alizipaka chai nzito iliyochanganywa na gundi hadi zikaonekana zimekaa miaka mia kwenye unyevu. Alifariki akiwa kwenye ukuta wa mwisho wa filamu ya kutisha kuhusu jumba la kale. Kitabu cha picha za jumba hilo kilipotoka, Were alikwenda kukichukua kwa Mungai, aliyelibuni jumba hilo kwa ajili ya filamu, ofisini kwake Westlands.

"Mzee, umekonda. Unakula kweli?" Mungai akamuuliza.

"Nakula. Nionyeshe alipoishia."

Mungai akafungua ukurasa wenye ukuta wa kahawia. Chini kwenye kona palikuwa na kipande cheupe. "Tulikiacha tu hivyo. Hakuna mtu alitaka kumalizia kazi yake."

Were alikitazama kipande kile kwa muda mrefu. Hapo ndipo mkono wa mkewe ulipokoma, na hakutaka kingine katika kitabu chote.

Alifika nyumbani Kilimani jioni, akakiweka kitabu mezani, na stima ikapotea. Akiwa anapapasa simu gizani, alisikia brashi ikigongwa kwenye mdomo wa mkebe, mara mbili, taratibu, kama Ivyne alivyoikung'uta kila alipomaliza kazi.

"Ivyne?"

Akawasha tochi ya simu, akafungua ukurasa ule.

Kipande cheupe hakikuwepo. Akapagusa, na kidole kikarudi na kahawia mbichi, ikinuka chai.