Risasi ya Jumatatu

"Shem... unafanya nini?"

Sikuitoa sauti hiyo. Ilibaki kooni. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye matete, simu mkononi, inarekodi.

Hatua ishirini mbele yangu, mume wa dada yangu alikuwa anamimina dumu la njano kwenye kijito.

Kijito kilekile tulichokisafisha miezi saba!

Maji yakageuka kijani. Si kijani cha majani, ndugu zangu... kijani kinachong'aa kama jicho la paka.

Alilitikisa dumu mpaka tone la mwisho. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kama mwizi wa kuku.

Saa moja kasoro, asubuhi ya Jumatatu.

Moyoni nikasema: nimekupata!

Wengi wenu mmeiona klipu hiyo. Wengine mmeisambaza. Leo nawaomba msome kilichokuwa nje ya klipu, maana mimi niliyeipiga ndiye niliyekuwa sioni.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Zamani pale juu ya kijito palikuwa na karakana ya kuvunja betri za magari. Wenyewe walishafunga na kutoweka, uchafu wakatuachia sisi. Risasi. Si ile ya bunduki, ni ile ya madini, lakini nayo inaua. Tofauti ni kwamba hii haina mlio. Inaingia kwenye mboga, inaingia kwenye maji, inakaa kwenye mifupa ya mtoto, na mtoto anakua mzito wa kuelewa wala hujui amepigwa lini.

Kikosi chetu kilikuwa na kazi ya kukomba tope lile, kulitia kwenye magunia ya plastiki, na kulipeleka mbali. Msimamizi wetu alikuwa Shemeji. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi, nilipokuwa nashinda nyumbani kwake natunga mashairi na kumaliza chai.

Mashairi ndiyo, mimi malenga! Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kuhesabu mizani kwa vidole, kitandani, mpaka vidole vikajua vyenyewe. Na ninajivuna, sikatai.

Mzee aliyekuwa anachota maji ya kupimwa alipostaafu, nikapewa chupa zake. Kando ya kijito kuna mawe matano yaliyopakwa rangi nyeupe. Kila Jumatano unachota chupa moja kila jiwe, kila Alhamisi asubuhi unapeleka boksi maabara. Basi.

Yule mzee alikuwa anaandika kwenye chupa kwa mwandiko wa barua ya posa: *Jiwe la Kwanza, kutoka darajani.*

Mimi nikacheka. Malenga hapotezi silabi! Nikakata. Nikaandika J1, J2, J3, J4, J5.

Kumbukeni hapo.

Baada ya wiki chache, Mhandisi akatuita. Alikuwa mgeni, ameingia mwezi uleule.

"Maji yanakaribia kuwa safi," akasema. "Lakini kuna mtu anatuchezea. Kila Jumatatu risasi inapanda. Siku nyingine zote, safi. Kuna mtu anamwaga kitu kila Jumatatu!"

Kikosi kizima kikaguna.

Shemeji peke yake ndiye aliyekuna kichwa. Tulipotoka nje akanivuta pembeni.

"Shem, wewe si unachota Jumatano?"

"Ndiyo."

"Sasa risasi ya Jumatatu wanaipata wapi?"

Mnajua nilimjibu nini?

"Shem, hiyo ni sayansi. Wewe koroga tope lako."

Akacheka, maana utani wa shemeji haununiwi. Lakini hakuacha kukuna kichwa.

Ndiyo maana Jumatatu ile nikajificha kwenye matete. Nilitaka niwe mimi nitakayemkamata adui. Nikamkamata Shemeji.

Unadhani nilimfuata nikamuuliza?

Thubutu! Nilikaa palepale kwenye matete, damu inachemka, nikatunga. Dakika kumi tu. Nikaibandika chini ya klipu, nikaposti:

*Uliyelishwa na mto, leo waujaza sumu,*
*Moyoni una fukuto, mdomoni u karimu,*
*Umesahau mtoto, umesahau na damu,*
*Shemeji huna uzito, wewe ni mtu wa dumu!*

Mpaka saa nne klipu ilikuwa imefika kwa watu nisiowajua. Saa sita, mtaa mzima ulikuwa unaimba.

"Mtu wa dumuuu!"

Kinyozi anaimba. Fundi viatu anaimba. Wanawake kwenye foleni ya maji wanaimba.

Mhandisi akamwita Shemeji mbele yetu sote.

"Ulimwaga nini?"

"Rangi ya keki," Shemeji akajibu.

Watu wakaangua kicheko... Jamani! Rangi ya keki!

"Nilitaka kuona maji yanapita wapi," akaendelea, sauti imeshuka. "Nilikoroga rangi kwenye maji ili..."

"Sheria ya kwanza ya eneo hili ni ipi?"

"Hakuna kumwaga kitu chochote kijitoni."

"Vua gambuti. Uache funguo."

Akavua. Akatembea bila viatu mpaka getini, na soksi moja ilikuwa na tundu kisiginoni. Hakunitazama. Mimi nilimtazama, nikajiona shujaa.

Mhandisi akapiga makofi mawili. "Mchafuzi tumempata. Alhamisi saa nne tunafungua bomba la bustani."

Bomba hilo, wasomaji wangu, linavuta maji kutoka jiwe la tatu. Na bustani ya kwanza kabisa kwenye bomba hilo ni ya dada yangu, mwenye mimba ya miezi saba na mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni.

Jioni nikamkuta dada mlangoni. Hakunikaribisha.

"Nani alikupeleka kazini?"

"Dada, sikiliza..."

"Nani?!"

"Yeye."

"Rangi ameitoa kabatini kwangu. Chupa nne. Nimemwona kwa macho yangu. Uliniuliza?"

"Dada, wewe unamtetea kwa sababu ni mumeo."

Akashika kitasa cha mlango.

"Wewe mdogo wangu una maneno matamu," akasema, "lakini masikio huna."

Akafunga mlango. Ndani nikasikia mtoto anaimba, hajui anaimba nini: "Ntu wa dumu, ntu wa dumu..."

Anamwimba baba yake.

Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Hata hivyo kiburi ni blanketi zito, nikajifunika.

Jumatano nikaenda kuchota. Jiwe la kwanza, maji meupe. La pili, meupe. Kile kijani kilikuwa kimeshapita tangu Jumatatu.

Jiwe la tatu... nikasimama.

Chini ya ukingo, penye mizizi, palikuwa panatoka uzi wa kijani. Mwembamba. Unatoka taratibu, kama jasho.

Siku ya tatu hii. Unatoka wapi?

Nikaona. Naapa niliona. Nikajaza chupa, nikaandika J3, nikaondoka.

Alhamisi, saa tatu na robo, niko maabara. Anayepokea chupa pale ni dada mmoja tunamwita Miwani, mtu wa maneno machache na kalamu tatu kichwani.

Akafungua boksi. Akanyanyua chupa moja, akaisogeza kwenye mwanga.

"Ehee. Jumatatu yenu hii hapa, ina kijani kabisa. Ndiyo ile ya klipu?"

"Jumatatu ipi?"

"Hii."

Akanigeuzia chupa. J3.

Nikacheka. "Hiyo si Jumatatu, dada. Hiyo ni Jiwe la Tatu."

Hakucheka.

"J3 ni Jumatatu," akasema polepole. "Kila mtu anaandika hivyo. J1 Jumamosi, J2 Jumapili, J3 Jumatatu, J4 Jumanne, J5 Jumatano. Wewe ukimwandikia mtu 'tuonane J3', unamaanisha mkutane kwenye jiwe?"

Ndugu zangu... nikaishika ile chupa, nikaisoma upya.

"Mimi nimekuwa naandika siku kwenye ripoti," akaendelea. "Nilijua mmebadilisha utaratibu. Nilijua unachota bombani, kila siku chupa moja."

Hakuna mtu aliyemwaga kitu Jumatatu.

Hakukuwa na Jumatatu!

Kulikuwa na jiwe la tatu. Wiki hadi wiki, chupa ilikuwa inapiga kelele: ni hapa, ni hapa, ni hapa! Na sisi tunalinda siku badala ya mahali.

Na bomba linavuta wapi?

Jiwe la tatu.

Saa ngapi?

Saa tatu na dakika ishirini na tano.

Nikampigia Mhandisi. Haipokelewi. Nikampigia dada. Ameniblok. Nikampigia Shemeji... ikaita mara moja tu.

"Sema."

"Shem, J3 si Jumatatu! Ni jiwe! Risasi iko jiwe la tatu! Nilikata maneno, shem, ni mimi!"

Nikasikia pumzi ndefu.

"Kijani kimetokea ukingoni?"

"Tangu jana nimekiona."

"Jana?! Kimbia. Mimi pale getini hawaniruhusu."

Nikakimbia. Sikukumbuka hata boksi. Nilivuka barabara bila kutazama, mwenye baiskeli akanitukania ukoo wangu wote, nikapokea.

Nilipofika bustanini watu walikuwa wamejaa. Mhandisi ameshika gurudumu la bomba kwa mikono miwili. Na mbele ya wote, mpira wa maji mkononi, amesimama dada yangu. Mtoto yuko miguuni pake na kikombe cha plastiki, anasubiri.

"Funga!" nikapiga ukelele. "Usifungue! Maji yana sumu!"

Watu wakageuka. Mmoja akasema, "Si ndiye yule wa mtu wa dumu?" Wakaanza kuimba. Kwa furaha kabisa, wananishangilia mimi!

"Kijana," Mhandisi akasema, "mchafuzi si ulituletea mwenyewe?"



Ningeweza kusema maabara wamekosea. Ilikuwa rahisi. Ningeweza kusema ripoti ina kasoro, tusubiri kidogo, nikabaki shujaa.

Nikamtazama mtoto na kikombe chake.

"Nilikosea mimi," nikasema. "Hakuna mchafuzi. Niliandika J3 nikimaanisha Jiwe la Tatu, maabara wakasoma Jumatatu. Sumu iko palepale bomba linapovuta. Shemeji yangu alimwaga rangi ya keki, kama alivyowaambia. Alikuwa anaitafuta sumu. Nilimsingizia mbele ya dunia nzima kwa sababu shairi lilikuwa limenikolea."

Wimbo ukakatika.

Mhandisi akaachia gurudumu kama limemuunguza.

Dada akautupa mpira wa maji. Aliinama, akamnyang'anya mtoto kikombe, akakibana kifuani. Mtoto akaangua kilio. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Shemeji akaitwa. Alikuja na gambuti za kuazima, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akashuka mpaka jiwe la tatu, akachukua koleo.

"Hapa."

Tulichimba ukingo mpaka adhuhuri. Shemeji, mimi, Mhandisi mwenyewe na suruali yake ya pasi. Kwenye kina cha kiuno koleo likagonga plastiki.

Maganda ya betri. Mamia. Shimo zima, limefukiwa na kuoteshwa nyasi juu. Maji yalikuwa yanaingia kwa nyuma, yanazunguka humo ndani, yanatoka taratibu na risasi yake. Na kuta za shimo zilikuwa bado na doa la kijani.

Kijani cha keki.

Bomba halikufunguliwa siku hiyo, wala mwezi ule. Kazi ya shimo hilo ilituchukua wiki sita. Shemeji alirudishiwa funguo.

Lakini mimi? Mimi niliifuta klipu siku ileile, nikaposti shairi jingine la kumwomba radhi:

*Nilikosa kwa mkato, mtu nikamhukumu,*
*Si sumu tu ya kijito, na ulimi una sumu,*
*Nakiri wewe mzito, shemeji yangu udumu.*

Unajua watu wangapi walilisambaza? Kumi na mmoja. Mmoja wao ni mimi.

Lile la kwanza bado linazunguka. Jana tu, Shemeji akiwa amembeba mtoto begani, mtu asiyemjua kabisa alipiga kelele kutoka dirishani: "Mtu wa dumu!" Shemeji akapunga mkono, akaendelea kutembea.

Nilipomsomea shairi la pili, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mizani imetimia?" akauliza.

"Nane kwa nane, shem."

"Vizuri." Akatoa maka peni mfukoni, akanisukumia boksi la chupa. "Sasa andika jina la jiwe. Lote. Na silabi usihesabu."

Nikaandika. *Jiwe la Tatu, kutoka darajani.* Mwandiko wa barua ya posa.

Tope tunalikomba kwa koleo, tunalipima, tunalijua mwisho wake. Jina baya ulilomtupia mtu mtandaoni halina gunia la kulitia. Uliza kwanza. Maliza neno. Na ukiikuta ile klipu huko ilikokwenda, tafadhali... wabandikie hii chini yake.