Kamera Imeshikwa

Ammar wa Langoni alikuwa na digrii ya kompyuta, second class upper, na kazi yake ilikuwa kukaa. Tusidanganyane. Laptop yake ilitumia Linux, si kwa ufundi, ila kwa sababu Linux ni ya bure, kama yeye mwenyewe. Siku ile, baada ya swala ya alasiri, aliiweka juu ya meza chumbani kwa mamake, Bi Twahira, akachomeka waya wa kamera ya marehemu dadake.

Shifaa alikuwa mpiga picha wa harusi za wanawake. Huko ndani wake za watu huvua mabuibui, wakacheza na mapambo yao, na kabla ya shughuli mpiga picha huapishwa: hakuna mwanamume atakayeziona picha hizo. Shifaa aliapa kila harusi. Ya mwisho ilikuwa Chundwa. Bi harusi alimpaka hina kidole kidogo kimoja, kwa utani, "Nawe upate wako." Akarudi na homa. Akazikwa hina haijafifia.

Shida ya mpiga picha ni kwamba yeye mwenyewe hana picha. Iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, amenuna kama mtu aliyekamatwa. Lakini kitandani, homa ikimchoma, alimwambia mamake kwamba wasichana wa Chundwa walimnyang'anya kamera wakampiga moja, anacheka.

"Nataka hiyo moya," alisema Bi Twahira. "Uso wake wanipotea, Ammar. Yana usiku nimeutafuta, sikuupata."

Kioo cha nyuma cha kamera, cha kutazamia picha, kilikuwa kimepasuka, na memory card imekwama ndani, haitoki. Imebaki waya tu.

"Five minutes, Mama."

Akaandika amri. Kompyuta iliiona kamera, hata jina lake ikalitaja. Alipoomba picha, ikakataa: could not claim the USB device.

"Yasemaje?"

"Inasema imeshikwa."

"Imeshikwa na nani?"

"Si mtu, Mama. Kuna program nyingine imeidaka kwanza. Hii ni kawaida, hata first year anaijua."

Akaiua ile program ya mafaili inayopenda kurukia kamera. Akajaribu tena. Imeshikwa. Akabadilisha waya. Akabadilisha tundu. Akazima, akawasha. Akaingia kama root, mwenye mamlaka yote, cheo pekee alichowahi kupewa duniani. Imeshikwa. Basi akaiuliza kompyuta waziwazi: ni nani aliyeishika?

Jibu lilikuja tupu.

Akashika waya auchomoe. Waya ulikuwa umekaza. Upande wa pili kulikuwa na mvuto, mdogo, wa mtu asiyetaka kunyang'anywa.

Bi Twahira alikuwa akimtazama mkono. Akanong'ona, "Wewe ni mwanamume."

"Sasa?"

"Mna wake za watu humo. Aliapa." Akavuta kiti. "Geuka. Sitazame. Nambia nifinye wapi."

Ammar alitaka kucheka. Miaka yote ile ya lecture, halafu troubleshooting ni kugeukia ukuta. Akageuka.

"Finya Enter. Hicho kikubwa cha kulia."

"Shifaa," alisema Bi Twahira, taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Ni mimi. Niatie, mwanangu."

Waya ukalegea.

Picha zikashuka. Ammar alizisikia tu, kwa sauti ya mamake. "Si huyu. Huyu ni bi harusi. Si huyu." Sauti ilizidi kupungua. "Si huyu." Kisha ikawa pumzi. Kisha ikawa kilio kisicho na sauti, anachokijua kila mtoto aliyewahi kumpa mamake mgongo.

"Hamna," alisema. Halafu, "Ammar. Hii waweza kuitazama. Ni sisi."

Ammar akaigeukia laptop. Kwenye picha kilikuwa chumba kile kile. Bi Twahira mbele ya laptop. Ammar ameelekea ukuta, shati lile lile. Kamera juu ya meza, waya umechomekwa.

Na nyuma yao, kioo cha kabati. Ndani ya kioo, mlango. Mlangoni, mtu amesimama. Ameinua kamera usoni. Uso wote uko nyuma ya kamera. Kinachoonekana ni vidole, na kidole kidogo ni chekundu.

Ammar akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu.

Akachomoa waya.

Tangu hapo kamera haijakubali tena. Kila akiichomeka, imeshikwa. Kwenye kitufe cha kupigia picha kuna alama ya hina. Ammar huifuta kwa kitambaa. Kesho yake ipo, mbichi, inanuka.

Yeye anaogopa, na hana haya kusema. Mamake haogopi. Kila alasiri Bi Twahira hujifunga leso safi, akakaa kuuelekea mlango.

"Chomeka tena, mwanangu," humwambia. "Mwambie aishushe kamera usoni. Kidogo tu."