Konzi ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kuosha mchele, Mawitei alikuwa na kazi moja ambayo haikuruhusiwa kusahauliwa. Alipima mchele kwa kopo, akaumimina kwenye ungo, kisha akachota konzi moja na kuitia katika kikapu kidogo kilichoning'inia karibu na meko. Jioni alifanya vivyo hivyo. Konzi ile ilikuwa sehemu ya Mungu. Nyumba zote za kijiji cha Tlangpar, zilizopangana juu ya mgongo wa mlima, zilitenga konzi kama hiyo kila zilipopika, na kila Jumamosi akina mama wa kanisa walipita na vikapu vyao mgongoni kuikusanya.

"Tukiwa na cha kula, tuna cha kumpa Mungu," Bibi Dari alipenda kusema.

Mawitei alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyepika, kwa sababu baba na mama walitoka alfajiri kwenda shambani, ng'ambo ya pili ya mlima. Nyumbani alibaki na Bibi Dari, mama mzaa baba yake, pamoja na mdogo wake Kima, mtoto wa miaka mitano ambaye bibi alisema tumbo lake halina kitako.

Mwaka ule watu wa Tlangpar walikuwa na wasiwasi. Mianzi ilikuwa imechanua. Wazee walikuwa wameliona jambo hilo walipokuwa vijana, nao walijua kinachofuata. Mianzi ya milima yote huchanua kwa pamoja, huzaa matunda, kisha hufa. Panya hula matunda yale na kuzaana kupita kiasi, na matunda yakiisha, hushuka mashambani. Tayari katika kijiji cha jirani watu walilala wakiwa na mpunga, wakaamka wakiwa na mabua.

Shamba la baba yake Mawitei lilikuwa bado zima. Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Wakiuvuna, wangekula mwaka mzima. Ukiliwa, ndani ya ghala mlikuwa na mchele wa wiki chache tu.

"Kopo moja asubuhi, kopo moja jioni," mama aliagiza. "Usizidishe hata punje. Lazima tufike nao kwenye mavuno."

"Ndiyo, Mama."

Jumapili iliyofuata, Bi Rokimi, ambaye alifundisha Shule ya Jumapili na pia kukusanya mchele katika mtaa wao, aliwasimulia watoto habari za Waisraeli wa zamani. Alisema kwamba walimletea Mungu wanyama vipofu na viwete, wale ambao wao wenyewe wasingewachinja kwa ajili ya mgeni. Nabii akawaambia walete sehemu kamili, naye Mungu atamkemea yule anayekula mazao yao. Bi Rokimi alikuwa bado na la kusema, lakini kengele ya ibada ikalia na watoto wakainuka.

Nje, Zodini, rafiki yake Mawitei, alimvuta mkono.

"Umesikia? Anayekula mazao ni panya huyo."

"Bi Rokimi hakutaja panya."

"Sasa ni nani? Shangazi yangu?" Zodini alikigeuza kiganja cha Mawitei akakitazama. "Hebu ona mkono wenyewe. Huu ni wa kindi. Konzi inayotoka hapa Mungu ataiita sehemu kamili kweli? Panya wakija, tutajua ni nyumba gani iliyompunja."

"Wako ndio mkubwa? Mkono mnene kwa kudokoa nyama."

Walicheka wakaingia ibadani. Ulikuwa utani tu, na Zodini aliusahau kabla hajafika kwao. Mawitei hakuusahau. Jioni ile alichota konzi moja, akakitazama kiganja chake, akachota ya pili.

Baada ya siku chache, habari zilienea kwamba panya wameonekana kwenye bonde lililo chini ya shamba lao. Mawitei akaongeza konzi ya tatu. Hakumwambia mtu. Moyoni alijiona kama mlinzi aliyekaa peke yake akililinda shamba la baba yake. Mimi natoa yangu, alijisemea, na Mungu atatoa yake.

Lakini kopo lilikuwa lile lile moja, na kila kilichoingia kikapuni kilitoka chunguni. Bibi Dari ndiye aliyepakua. Aliwapa kwanza baba na mama waliotoka kulima, kisha Kima, kisha Mawitei. Yeye alijipakulia mwisho, ukoko na majani ya kuchemsha.

"Bibi, mbona umejipa kidogo?" Mawitei aliuliza siku moja.

"Meno yangu yamechoka kutafuna. Yamefanya kazi tangu enzi za babu yako."

Mama naye alianza kushangaa. "Huu mchele siku hizi hauvimbi," alisema akikikagua chungu. "Au unauosha mpaka unaumaliza?"

"Ni wa zamani, Mama," Mawitei alijibu upesi. "Umekauka."

Bibi Dari alimtazama kupitia moshi wa meko.

Ijumaa moja baba alirudi mapema kuliko kawaida. Alisimama mlangoni, akauweka chini mundu wake, akavua viatu vyenye matope. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Wameingia," alisema.

"Wamekula kiasi gani?" mama aliuliza.

"Kuna mabua."

Hakuna aliyelia. Mama alikaa kwenye kigoda, akaanza kumvua Kima fulana yake bila sababu, kisha akamvisha tena. Mawitei alitoka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji ya mvua.

"Nilikupa tatu," alimwambia Mungu kwa sauti ya chini. "Tatu, asubuhi na jioni. Wewe umetoa nini?"

Jioni ile alipika bila kutenga hata punje.

Kesho yake, baba na mama walienda kuchimba viazi mwitu msituni. Mawitei alikuwa akimfungia Kima vifungo alipomwona bibi akiinama kupuliza moto. Bibi aliinama, akaendelea kuinama, kisha akalala ubavu kando ya meko, taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika.

"Bibi. Bibi, amka."

Bi Rokimi alikuwa akipanda ngazi kuja kukusanya mchele. Alikitua kikapu chake mlangoni, akaingia upesi, akamwinua bibi na kumwegemeza kifuani pake. Bibi alifumbua macho. Uso wake ulikuwa na jasho la baridi.

"Alikula lini mara ya mwisho?" Bi Rokimi aliuliza.

"Jana jioni," alisema Mawitei.

"Alikula nini?"

Kima ndiye aliyejibu. "Alikula majani. Wali wake hunipa mimi. Anasema meno yake yamechoka."

"Mtoto mmbea wewe," bibi alinong'ona.

Bi Rokimi alimnywesha maji ya moto yenye chumvi kidogo. Kisha akanyoosha mkono kwenye kikapu cha karibu na meko ili atoe mchele wa kupikia uji. Alipokiinua, akasita. Akakipima kwa mkono, akamgeukia Mawitei.

"Nyumba ambayo bibi yake analala na majani," alisema polepole, "inawezaje kuwa na kikapu kizito kuliko cha mwenye duka?"

Mawitei angeweza kusema tena kwamba mchele ni wa zamani. Aliutazama uso wa bibi, ambao ulikuwa umesinyaa bila yeye kuona, akaeleza yote: mkono wa kindi, konzi ya pili, konzi ya tatu, na uongo aliomwambia mama. Alieleza huku akilia, na uji ukaanza kuchemka.

Bi Rokimi hakumkatiza. Alimnywesha bibi uji kijiko baada ya kijiko, mpaka rangi ikamrudia usoni. Ndipo akakaa sakafuni karibu na Mawitei.

"Waisraeli walipokuwa watumwa kule Misri," aliuliza, "walimpa Mungu konzi ngapi ndipo akawatoa?"

Mawitei alifuta pua. "Hawakumpa kitu. Walilia tu."

"Walilia tu. Akawasikia, akawatoa, akawavusha baharini. Kisha wakafika mlimani, akawapa amri zake. Lipi lilitangulia?"

"Kutolewa."

"Basi. Aliwapenda kwanza. Sadaka zao zilikuwa za kusema asante. Lakini wao walisahau mara nyingi, kama sisi. Siku moja walishindwa vitani, wakalichukua sanduku la agano wakaenda nalo kama hirizi. Walidhani wakilibeba, Mungu atalazimika kuwapigania. Wakashindwa tena, na sanduku lenyewe likatekwa."

Mawitei alikitazama kikapu. "Kwa hiyo mimi nimefanya kama wao."

"Umefanya kama wao. Na mimi nimechangia, maana niliwafundisha nusu ya somo kisha nikawaacha mwende. Nabii yule alisema na watu waliokuwa na kitu lakini wakamnyima Mungu, huku wakiwaonea wajane na yatima. Hakusema na mtoto mwenye kopo moja la mchele." Bi Rokimi alimwelekezea bibi kidole. "Huyu ni mjane, Mawitei. Mungu huwatetea wajane. Wewe umechukua wali wa mjane ukamletea yeye. Unadhani alifurahi?"

"Hapana."

"Hakufurahi. Lakini hakukuacha pia. Waisraeli walinung'unika jangwani siku baada ya siku, na kila asubuhi mana ilikuwa chini ikiwangoja. Yeye ni baba. Kwa baba hatwendi kununua."

"Na shamba letu? Kwa nini aliwaacha panya waingie?"

Bi Rokimi alisogeza ukuni ndani ya meko. "Hilo sijui, mwanangu. Sitakudanganya. Shamba langu nalo limeliwa. Ninachojua ni kwamba mchele wa kanisa upo, na sisi tupo."

Mawitei alisogea mpaka karibu na bibi, akapiga magoti. "Nisamehe, Bibi. Nimekula chakula chako."

"Kumbe ni wewe," alisema Bibi Dari kwa sauti dhaifu. "Nami nilidhani nimefungishwa saumu bila kuambiwa." Akamshika kichwa. "Nilijua kuna jambo, mjukuu wangu. Nilingoja useme. Nilingoja sana, mpaka nikaanguka. Mara nyingine usiningojeshe hivyo. Na nikisema meno yamechoka, usiniamini, maana mimi pia nimedanganya."

Bi Rokimi aliumimina mchele wote wa kikapu kwenye ungo wa bibi. Hakuchukua chochote katika nyumba ile. Alasiri hiyo akina mama wa kanisa walikutana, wakakubaliana kwamba mchele uliokusanywa hautauzwa kupata fedha za kanisa kama kawaida. Utagawanywa kwa kila nyumba ambayo shamba lake limeliwa, nyumba yenye watu wengi ipate zaidi, mpaka msaada ufike au msimu mwingine uanze. Wanaume nao wakapanga kwenda msituni kwa pamoja, wanaojua viazi mwitu wawaongoze wasiovijua. Zodini na mama yake walileta fungu la nyumba ya Mawitei. Zodini aliambiwa yaliyotokea.

"Nilikuwa natania tu," alisema.

"Najua. Ni mimi niliyeamini maneno yale."

Wazazi waliporudi, Mawitei alimfuata mama kabla hajautua mzigo, akamwambia ukweli juu ya mchele. Mama alikasirika, naye alikuwa na haki. Alimwambia kwamba uongo ule mmoja ungeweza kumzika bibi. Baadaye alipomwona bibi akila wali, akainama akamfuta Mawitei machozi kwa ncha ya shuka lake.

Bi Rokimi alirudi kumjulia bibi hali, na alipokuwa akiondoka, Mawitei alimsindikiza hadi ngazini.

"Bi Rokimi, sasa nikiomba, niseme nini? Sina cha kuahidi."

"Mwambie unaogopa," alijibu. "Waisraeli walimwambia hivyo miaka mingi, na hakuwachoka. Baba huambiwa, mwanangu. Hasubiri ulete kitu mkononi ndipo akusikilize."

Akashuka taratibu, kikapu chake kikiwa kitupu mgongoni.

Jua lilikuwa bado juu ya vilele. Baba alikuwa ameketi kwenye ubao wa barazani, akichonga mianzi ya kutengenezea mitego. Mawitei alisimama nyuma yake.

"Baba," alisema, "mimi naogopa."

Baba aliweka kisu chini. Akasogea akampa nafasi kwenye ule ubao.

"Hata mimi," alisema. "Njoo ukae."