Dawa Iliyofunuliwa Mbichi

Doa lilianza dogo tu, duara la kutu kwenye sakafu ya marumaru sebuleni, mahali ambapo hapakuwahi kuwekwa hata msumari. Mama Kibonge alilisugua kwa sabuni, likatoka. Alipogeuka kukamua tambara, lilikuwa limerudi, na pembeni yake kuna lingine.

"Umeacha kopo la chuma lenye maji," mkwewe alimlaumu.

"Kopo gani, mama? Nyumba nzima tunatumia plastiki!"

Akajaribu limau. Kosa hilo, jamani! Limau hula marumaru, jiwe likapauka na kutu ikazidi kuzama. Kufika adhuhuri madoa yalikuwa nyayo, kubwa kuliko za mtu yeyote wa nyumba ile, zote zimeelekea godoro la Kibonge, mtoto wa miezi saba ambaye kwa unene wake hata kutambaa kulimshinda. Mama mtu akamhamishia mwanawe chumbani kwa bibi yake, akamwita fundi wa mawe.

Fundi alipiga magoti, akanusa sakafu, uso ukambadilika.

"Shemeji, hii si kutu ya maji," alinong'ona. "Humu kuna jini, na anatafuta pa kuhamia. Anamtaka mtoto."

Alikoroga dawa ya kuvuta kutu ikawa nzito, akaipaka juu ya nyayo, akaifunika kwa nailoni na kubandika kingo zote.

"Dawa inamvuta. Ikikauka yenyewe nitakuja kuikwangua, nimpeleke mbali. Ukiifunua ikiwa mbichi, umemfungulia mlango. Hata usikie nini, usiguse."

"Siigusi, haki ya Mungu."

Alasiri harufu ya chuma kilicholowa ilijaa sebuleni, nailoni ikaanza kupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, na Mama Kibonge, aliyekuwa ameng'ang'ania mguu wa meza ili asisogee, akasikia kutoka chini ya ile dawa kilio cha mwanawe, kama aliyepaliwa na maziwa, kikikatika, kikikosa pumzi, mpaka akasahau fundi, akasahau kiapo, akasahau kwamba mtoto yuko chumbani, akairuka meza, akaipasua nailoni na kuikwangua dawa mbichi kwa kucha.

Chini yake jiwe lilikuwa jeupe, safi kabisa.

"Mwanangu," mkwewe aliita kutoka chumbani. "Njoo. Njoo taratibu."

Kibonge alikuwa amesimama. Kisha akatembea, hatua nzito, kila moja ikitikisa vioo vya dirisha, macho yamemgandia mama yake, mikono ameinyoosha abebwe.

"Usimshike!" bibi alisihi huku akilia. "Huyo siye!"

Mama Kibonge alijua. Lakini mikono ile midogo ilikuwa bado imenyooka, na angewezaje kuiacha hewani? Akapiga magoti, akamkumbatia, baridi yake ikampenya hadi mifupani, akafungua vifungo vya blauzi kumnyonyesha.