Nusu ya Gazeti

Ermes, mume wa rafiki yangu Oriella, ni babu mzima anayejibana kwenye kaptura ya kung'aa na kujiita bingwa wa baiskeli. Jumapili moja ya Oktoba alipanda peke yake milima ya Karnia, apate cha kuwatambia wenzake. Kileleni, jasho likimtiririka, alifanya wanavyofanya wote: alichomeka gazeti ndani ya fulana ili upepo wa mteremko usimgandishe kifua, akafunga zipu hadi shingoni.

Chini kidogo kuna handaki refu. Alipofika katikati, taa yake ikazimika. Bingwa akashuka, akaikokota baiskeli huku akipapasa ukuta. Ndipo akasikia magurudumu mengine nyuma yake, yakija polepole, na meno yakigongana kwa baridi.

"Kaka," sauti ikasema, "nigawie nusu ya gazeti. Naganda."

Huko juu, gazeti hata mchoyo hugawa. Ermes je?

"Ungebeba lako, bwege! Mimi ni mama yako?"

Magurudumu yakanyamaza. Meno yakaendelea kugongana, sasa sikioni pake kabisa. Akakimbia hadi nje. Nyuma yake hakutoka mtu.

Oriella alimkuta jikoni akitetemeka, vidole vimekufa ganzi.

"Bingwa karudi! Hata zipu inakushinda?"

Akamfungulia mwenyewe, kuanzia pale pale shingoni ilipokuwa imefungwa. Ndani mlikuwa na nusu tu ya gazeti, limechanwa taratibu, kwa kufuata mkunjo.