Mchangani ni Asubuhi Tu

Jumamosi zote na siku za likizo, kazi ya kugeuza maturubai ilikuwa ya Harleen. Baba yake, Fundi Jasdeep, alikuwa na karakana ya kushona mahema huko Themi, jijini Arusha. Turubai jipya lilipakwa dawa ya kuzuia maji upande mmoja, kisha likaanikwa uani mpaka likauke. Asubuhi upepo hushuka kutoka Mlima Meru, kwa hiyo upande wenye dawa ulifichwa usiutazame mlima. Ikikaribia saa saba mchana, upepo hutulia kidogo, halafu huanza kuvuma kutoka tambarare kupanda mlimani. Usipogeuza turubai wakati huo, vumbi lote la mtaani linaganda kwenye dawa mbichi.

Harleen aliifanya kazi hiyo tangu akiwa darasa la tatu, na sasa alikuwa darasa la saba. Alibandua vibanio, akageuza, akabana tena, huku akiimba. Alikuwa msichana mwepesi wa mikono na wa mdomo pia. Walimu walimpenda kwa sababu akitumwa haraka, alirudi haraka. Tatizo ni kwamba mara nyingine alirudi haraka mno.

Muhula ule shule yao ilikuwa imepata bahati. Hoteli moja iliyokuwa inafungwa iliwapa mbao nne za tanga, zile ambazo mtu husimama juu yake majini, akashika tanga kwa mikono miwili, na upepo ukamsukuma. Matanga yalikuwa yamechanika vibaya. Fundi Jasdeep aliyachukua, akayashona, akayarudisha yakiwa imara kuliko mwanzo. Mwalimu Tekla, mwalimu wa jiografia aliyewahi kuogelea katika mashindano ya vyuo, akaanzisha klabu.

Mkuu wa shule hakuwa na furaha sana. "Watoto, maji na upepo," alisema. "Nitawapa siku moja tu, wazazi wakiwepo. Mambo yakienda sawa, klabu itaendelea. Yakienda kombo, mbao hizo zitakuwa za kukalia bustanini."

Mahali pa kwenda palikuwa Ziwa Naisula, upande wa mashariki wa mlima. Ni ziwa kubwa. Ukisimama ng'ambo hii, ng'ombe wanaokunywa maji ng'ambo ile huonekana kama punje za mtama. Mwalimu Tekla alimteua Harleen kuwa kiongozi wa upimaji, pamoja na mwenzake wa darasa, Anande, kijana mpole mwenye mazoea ya kufikiri kabla ya kujibu.

"Mtapima sehemu tatu," Mwalimu aliwaambia. "Mtafunga kitambaa kwenye fimbo ndefu na kuangalia upepo unaelekea wapi. Upepo mzuri kwa anayejifunza ni ule unaomrudisha ufukweni, hata akikosea. Unaompeleka katikati ya ziwa ni hatari. Na kila sehemu ipimwe mara mbili, asubuhi na mchana. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Mwalimu!" Harleen alijibu kwa niaba ya wote wawili.

Walianza vizuri. Fundi Jasdeep alikuwa akipeleka mahema kwenye kambi za watalii upande ule, hivyo aliwabeba kwenye pikapu yake. Jumamosi ya kwanza walipima Shingoni, mahali ambapo ziwa hubanwa na vilima viwili. Huko upepo ulivuma kwa nguvu kutwa nzima, ukataka kuwanyang'anya fimbo. Hapo pangewafaa mabingwa, si wanafunzi. Jumamosi ya pili walipima Migungani, upande wa mlimani, penye migunga mingi na maji yasiyo na visiki. Asubuhi upepo ulisukuma kitambaa kuelekea katikati ya ziwa, lakini mchana ukageuka na kukirudisha ufukweni. Wakakubaliana kwamba Migungani panafaa mchana.

Jumamosi ya tatu walifika Mchangani, upande wa tambarare. Harleen alipapenda papo hapo. Mchanga ulikuwa laini, maji ya kina kifupi yalienda mbali, na kivuli cha kukalia wazazi kilikuwepo. Upepo wa asubuhi ulitoka mlimani, ukavuka ziwa, ukakileta kitambaa moja kwa moja kwao.

"Panafaa kabisa!" alisema.

"Tusubiri mchana," Anande alisema. "Migungani upepo uligeuka. Na huku unaweza kugeuka."

Wakati huohuo honi ya pikapu ikalia. Fundi Jasdeep alikuwa amemaliza kazi mapema. "Beti!" alimwita, kama alivyozoea kumwita bintiye. "Nyinyi mmemaliza? Tukiondoka sasa tutapitia Usa River tule chipsi mayai. Kama bado, nitawasubiri, hakuna shida."

Harleen alitazama ziwa, akatazama pikapu. Njaa ilikuwa inauma kwelikweli.

"Tumemaliza, Papa!"

"Hatujamaliza," Anande alinong'ona.

"Kule ni karibu na mlima, ndiyo maana upepo unageuka. Huku ni tambarare bwana, upepo ni huuhuu mpaka jioni. Twende!" Hayo aliyasema yeye, mgeuza maturubai wa kila Jumamosi! Lakini karakana ilikuwa karakana na ziwa lilikuwa ziwa, na kichwani mwake vitu hivyo viwili vilikuwa havijawahi kukutana.

Jumatatu Mwalimu Tekla aliwauliza, "Mchangani mmepima asubuhi na mchana?"

"Ndiyo, Mwalimu. Panafaa kutwa nzima."

Anande aliangalia viatu vyake. Hakuulizwa, naye hakusema.

Siku yenyewe ilipofika, Mchangani palichangamka. Wazazi walikuja na mikeka na mabeseni ya pilau. Mkuu wa shule alikalia kiti cha mbele, mikono ameikunja. Wanafunzi wote walivaa jaketi okozi, na boti ya injini ya kijana aitwaye Peter ilikaa tayari pembeni. Walioingia majini walianguka mara nyingi, wakacheka, wakapanda tena, na kila mara upepo uliwarudisha taratibu mchangani. Fundi Jasdeep aliyaona matanga aliyoyashona yakijaa upepo, akapiga makofi mpaka kilemba kikakaa upande. Hata Mkuu wa shule alikunjua mikono. Harleen alijiona mrefu. Yeye ndiye aliyepachagua mahali pale, na baada ya chakula angewaongoza wenzake katika maonyesho.

Wakati wa kula ulipofika, wote walitoka majini isipokuwa Naeku, mtoto wa darasa la tano, mdogo kuliko wote katika klabu. Alikuwa amejua kusimama kwa mara ya kwanza, na hakutaka kushuka.

"Mwache amalizie kidogo," Mwalimu Tekla alimwambia Peter. "Tunamwona."

Fundi Jasdeep alipokea sahani yake ya pilau, akatazama saa, akacheka. "Saa saba kasoro. Sijui leo nani anageuza maturubai yangu."

Harleen aliacha kutafuna. Alitazama majini. Tanga la Naeku lilikuwa limelegea. Majani ya mti waliokaa chini yake yalikuwa yametulia, kama yanavyotulia uani kila Jumamosi kabla hajabandua vibanio. Huko juu, kilele cha Meru kilikuwa kimeanza kufunikwa na mawingu. Alijua vizuri kabisa kinachofuata.

Alikimbia hadi ukingoni, akapunga mikono. "Naeku! Rudi!" Naeku, ambaye hakusikia kitu, naye alimpungia kwa furaha.

Harleen akamkimbilia Mwalimu Tekla. "Mwalimu, tumtoe Naeku, upepo unageuka!"

"Mbona umetulia kabisa," Mwalimu alisema, akiwa bado na kijiko mkononi. "Si ulipima hapa mchana?"

Wazazi waligeuka kumtazama. Mkuu wa shule alikuwa hatua chache tu pembeni, na Papa alikuwa palepale na sahani yake. Harleen alitamani ardhi immeze. Angeweza kusema kwamba labda alisahau, au kwamba siku ile upepo ulikuwa tofauti. Aliyatamani maneno hayo kwa nukta moja, kisha akamtazama Naeku peke yake pale majini.

"Sikupima, Mwalimu. Nilikudanganya. Tulipima asubuhi tu, tukaondoka. Tafadhali, boti iende sasa hivi!"

Mwalimu Tekla hakupoteza muda kumgombeza. Alipuliza filimbi mara tatu, akaruka ndani ya boti pamoja na Peter, na injini ikanguruma. Hawajafika mbali, upepo ukaja. Ulitoka nyuma ya wazazi, kutoka tambarare, ukapeperusha vitambaa vya meza na sahani za karatasi kuelekea ziwani. Tanga la Naeku likajaa ghafla. Ubao ulianza kukimbia kwenda katikati ya ziwa, na ufukweni mama yake alipiga yowe.

"Liachie tanga, Naeku! Kaa chini!" Mwalimu Tekla alipaza sauti kutoka kwenye boti.

Safari hii Naeku alisikia. Aliliachia tanga likaanguka majini, akakaa juu ya ubao na kuushika kwa mikono yote miwili, kama alivyofundishwa. Ubao ukapunguza mwendo. Boti ilimfikia, Mwalimu akamvuta ndani, akamkumbatia. Walipomleta kwa mama yake alikuwa anatetemeka, lakini la kwanza aliloomba ni pilau.

"Ungechelewa kusema," Peter alimwambia Harleen akifunga boti, "tungemfuata mbali sana." Harleen alianza kulia, na hakuyafuta machozi.

Mkuu wa shule alisimama. "Mwalimu Tekla, nadhani tumeona ya kutosha."

Hapo Anande akajitokeza mbele, yeye ambaye kwa kawaida husubiri kuitwa. "Samahani, Mkuu. Na mimi nilijua, nikanyamaza. Lakini Migungani tulipima mara mbili, kweli kabisa. Upepo huu huu unaotupeleka ziwani hapa, kule unarudisha watu ufukweni. Tukihamia sasa hivi, maonyesho yatafanyika kwa usalama."

"Nitaaminije?"

"Tutafunga kitambaa kwanza, Mkuu," Harleen alisema huku akipenga kamasi. "Ukione kwa macho yako. Kisipokuja ufukweni, turudi nyumbani."

 Mkuu wa shule akachukua kiti chake mwenyewe, akakipandisha kwenye pikapu.

Huko Migungani kitambaa kilielekea ufukweni, na Mkuu alikikagua mara mbili. Maonyesho yakafanyika. Mbao tatu zilikwenda na kurudi sambamba, matanga yakijaa upepo wa mchana, na Anande ndiye aliyeongoza. Harleen hakuingia majini. Mwalimu Tekla alimpa fimbo yenye kitambaa na kumwambia asimame nayo hadi mwisho. Iliuma, lakini hakulalamika. Alisimama wima, akakitazama kitambaa kile bila kupepesa.

Mkuu wa shule alipokuwa anaondoka alisema, "Klabu itaendelea. Lakini Mchangani patapimwa upya kwanza."

Wazazi walipoanza kukunja mikeka, Mwalimu Tekla alimwita Harleen kando. "Leo umenifanya niwaambie wazazi hamsini kwamba Mchangani ni salama, kumbe sijui. Hilo limeniumiza," alisema. "Lakini pia umesema ukweli pale ambapo ukweli ulikuwa mgumu, na ndio uliomwokoa Naeku. Shika yote mawili. Ukipewa kazi ya kupima, watu watakanyaga juu ya neno lako. Kama hujapima, sema hujapima. Hakuna aibu hapo."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Jumamosi ijayo uko huku kuanzia asubuhi."

Njiani kurudi, Harleen na Anande wakiwa ndani ya pikapu, Fundi Jasdeep alipunguza mwendo walipofika Usa River, mbele ya banda la chipsi. "Siku ile niliwaambia ningewasubiri," alisema kwa upole. "Ungeniambia bado, beti, ningesubiri hata mpaka jioni. Turubai nisipoligeuza mchana, vumbi likaganda kwenye dawa, mteja hajui. Atajua mvua ikinyesha, naye yuko ndani na watoto wake. Ndiyo maana sifanyi kazi nusu." Kisha akawanunulia chipsi, kwa kuwa walikuwa na njaa.

Jumamosi iliyofuata Harleen na Anande walikaa Mchangani kuanzia asubuhi mpaka jua lilipoelekea kuzama, wakakiangalia kitambaa kikija, kikilegea, na kikienda. Wiki iliyofuata klabu ilirudi ziwani. Naeku alifika wa kwanza kwenye mchanga, jaketi okozi limefungwa mpaka kidevuni, akasimama mbele ya Harleen bila kugusa maji.

"Dada Harleen, hapa ni salama?"

"Mpaka saa sita. Baada ya hapo tunahamia Migungani."

"Umepima?"

"Nimepima asubuhi, nikapima na mchana."

Naeku alimgeukia Anande kutaka uhakika. Anande hakuangalia viatu vyake. Alimtazama Naeku usoni, akatikisa kichwa kukubali, na mtoto akauburuta ubao wake majini.